Wanne wa Copenhagen na fidla iliyofungiwa kabatini

KABLA sijakupeleka Copenhagen, msomaji mpendwa, yafaa nikiri kosa langu. Mwaka jana, kifungua mimba wangu aliporejea nyumbani na ripoti ya shule yenye alama za kusikitisha katika hisabati na kemia, nilichukua fidla yake, nikaitia katika sanduku lake na kuifungia kabatini mwangu. Ufunguo nikautia mkobani. Msichana hakulia wala hakubisha. Aliniuliza jambo moja tu: "Na wenzangu nitawaambia nini, Mama?"

Wenzake walikuwa watatu. Kila Jumamosi alasiri walikutana katika ukumbi wa kanisa mtaani kwetu Buruburu wakiwa na fidla mbili, viola moja ya kuazima na selo moja kuukuu. Muziki waliokuwa wakijifunza ulikuwa wa watu wanne, na ukimwondoa mmoja ni kama kuondoa jiwe moja la meko: sufuria haikai. Haukupita mwezi kabla ya kundi hilo kusambaratika. Mmoja alihamia shule nyingine, mwingine akaingilia mchezo wa voliboli, na viola ikarudishwa kwa mwenyewe.

Mwezi Oktoba ndugu yangu mdogo, ambaye ni muuguzi nchini Denmark, alipata mtoto, nami nikapata likizo ya majuma mawili kwenda kumwona. Nilipokuwa nikifunga mizigo, binti yangu hakuniagiza viatu wala simu kama nilivyotarajia. Alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani aliandika jina moja, Danish String Quartet, na chini yake maneno mawili: "Uliza walianzaje."

Nilisafiri kupitia Amsterdam. Kutoka uwanja wa ndege wa Kastrup, gari-moshi la chini kwa chini humfikisha mtu katikati ya jiji la Copenhagen kwa muda wa robo saa hivi, na gari-moshi lenyewe halina dereva. Mimi niliyezoea matatu za Jogoo Road, ambazo zina dereva na makanga na bado abiria hana hakika ya kufika, nilikaa nimeshikilia chuma kwa mikono miwili huku watoto wadogo wakikimbilia dirisha la mbele ili wajifanye madereva. Huduma hiyo ilianza mwaka wa 2002. Ukumbuke mwaka huo, kwani tutaurudia.

Copenhagen ni mji wa baiskeli. Mawakili, wauguzi, wanafunzi na akina mama wajawazito wote wako juu ya baiskeli, mvua ikinyesha au isinyeshe. Baadhi ya baiskeli zina sanduku kubwa mbele ambamo watoto wawili au watatu huketi kama maembe yanayopelekwa sokoni. Asubuhi yangu ya pili nilimwona msichana wa makamo ya binti yangu akipita kasi njiani akiwa amebeba selo mgongoni, mfano wa kobe na gamba lake. Hakuna aliyegeuka kumtazama ila mimi.

Kuhusu sanamu ya nguva, ambayo kila mgeni huambiwa lazima aione, nitasema kwamba niliiona. Ni ndogo, haifiki hata kimo cha mtu mzima, na imezungukwa na watalii wanaosukumana. Nilikaa dakika tano nikaenda zangu.

Wadenmark si wageni kabisa kwetu. Karen Blixen, aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi mwaka wa 1931, alirudi kuishi kwao Rungsted, kaskazini mwa Copenhagen, na nyumba yake huko sasa ni makumbusho, sawa na ile ya hapa Nairobi. Lakini mimi sikuwa nimetumwa kwa Karen Blixen. Nilikuwa na karatasi yangu mfukoni.

Kwa wale wasiojua, kwateti ya nyuzi ni kundi la wanamuziki wanne. Wawili hupiga fidla. Wa tatu hupiga viola, ambayo ni kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake ni nzito zaidi. Wa nne hupiga selo, ile ala kubwa inayosimamishwa sakafuni katikati ya magoti. Hakuna mtu anayesimama mbele na kijiti kuwaongoza. Aliyewahi kumtazama mpiga orutu kule Nyanza akivuta upinde juu ya uzi wake mmoja anajua jinsi ala hiyo inavyoweza kulia na kucheka. Sasa wafikirie watu wanne, kila mmoja na nyuzi nne na upinde wake, wakitakiwa kuanza kwa pumzi moja na kumaliza kwa pumzi moja bila ya mtu kuhesabu. Joseph Haydn wa Austria, aliyeaga dunia mwaka wa 1809, ndiye aliyeupa muziki wa aina hii umbo lake, na tangu zama zake watunzi wengi wakubwa wameuchukua kuwa mtihani wao mkali kuliko yote.

Hawa wanne wa Denmark walianzaje? Sikuwakuta mjini, kwani hawa ni watu wanaoishi safarini, leo London kesho New York. Hata hivyo kisa chao kinajulikana sana kwao, na si kisa cha watoto wa ajabu waliogunduliwa wakiwa na miaka mitatu.

Watatu kati yao, Frederik Øland na Rune Tonsgaard Sørensen wa fidla, na Asbjørn Nørgaard wa viola, walikutana wakiwa watoto ambao hawajabaleghe katika kambi ya muziki ya kiangazi, huko mashambani. Kambi yenyewe haikuwa ya mabingwa. Ilikuwa ya watu wanaopenda muziki tu, na hawa watatu ndio waliokuwa wadogo kuliko wote. Basi kwa kuwa hawakuwa na marika wengine wakashikamana. Walicheza kandanda, na walipochoka na kandanda wakapiga muziki, na walipochoka na muziki wakarudi kwenye kandanda. Miaka ikapita hivyo, pamoja na mpiga selo wao wa kwanza, pasipo mtu kuwaambia kwamba wanajenga jambo lolote.

Mwaka wa 2001 mwalimu mmoja, Profesa Tim Frederiksen wa Chuo cha Kifalme cha Muziki mjini Copenhagen, aliwatafuta na kuanza kuwafundisha mara kwa mara. Walikuwa na umri wa miaka 15 na 16. Mwaka uliofuata, 2002, ule ule wa gari-moshi lisilo na dereva, walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika tamasha la Copenhagen. Wenyewe wamewahi kueleza kwamba mambo yalikwenda haraka kiasi kwamba hawakutambua ni lini walivuka kutoka mchezo hadi kazi.

Siku hizo waliitwa Kwateti Changa ya Denmark. Jina hilo la uchanga walilibeba kwa miaka kadhaa kabla ya kulitua, na sijui kama kuna jina gumu zaidi kulibeba. Watu humsifu kijana kwa ujana wake, kisha siku moja huamka na kumwuliza, je, na ukiondoa ujana una nini?

Ili kuelewa walichokuwa nacho, nilikwenda hadi Kongens Nytorv, yaani Uwanja Mpya wa Mfalme, ingawa upya wake ni wa zaidi ya miaka mia tatu. Upande mmoja ni mfereji wa Nyhavn na nyumba zake za rangi ya manjano, nyekundu na samawati ambazo umeziona katika kadi za posta. Kikombe cha kahawa hapo kiligharimu pesa ambazo kwetu zingenunua chakula cha mchana cha watu watatu, na nilikinywa polepole sana. Upande wa pili ni jengo la Theatre ya Kifalme. Humo ndani, tangu mwaka wa 1889 hadi 1905, aliketi mpiga fidla ya pili mmoja aliyeitwa Carl Nielsen.

Nielsen alizaliwa mwaka wa 1865 katika kisiwa cha Funen, mtoto wa saba kati ya kumi na wawili. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa nyumba aliyepiga fidla katika harusi na ngoma za kijijini, na mtoto akajifunza hapo hapo kwenye ngoma. Alifikia kuwa mtunzi mkubwa kuliko wote nchini Denmark, hata sura yake ikatiwa kwenye noti ya kroner 100, ambayo sasa haitumiki tena. Ukimsikiliza kwa makini utasikia kwamba miguu ya wacheza ngoma haikumwondoka kichwani.

Mwaka wa 2006 Redio ya Denmark iliwachukua vijana hawa kuwa wasanii wake wa mwaka, nao wakapata nafasi ya kurekodi kwateti za Nielsen. Rekodi hizo zilitoka mwaka wa 2007 na 2008 na zikasifiwa hata Marekani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo walipojibu swali la ujana. Hawakwenda kushindana na wakubwa wa Vienna kwa kupiga walichopiga wakubwa wa Vienna. Walichukua cha kwao, cha mtoto wa mpaka rangi, wakakipiga kama watu wanaokijua tangu tumboni.

Baadaye mpiga selo wao wa kwanza aliondoka, na mwaka wa 2008 mahali pake pakachukuliwa na Mnorwei, Fredrik Schøyen Sjölin. Makundi mengi hufia hapo. Hawa mwaka mmoja tu baadaye, 2009, walikwenda London na kushinda mashindano ya kimataifa ya kwateti. Mwaka wa 2011 wakapewa tuzo ya Carl Nielsen nyumbani kwao. Mwaka wa 2013 BBC ikawaingiza katika mpango wake wa kuwakuza wanamuziki chipukizi, na milango ya Marekani nayo ikafunguka. Mwezi Februari 2020 walipiga kwateti zote za Beethoven katika ukumbi mmoja mjini New York kwa siku chache, kazi ambayo ni kama kukimbia marathoni sita mfululizo, na mwaka huo huo jarida la Musical America likawateua kuwa kundi la mwaka. Jambo dogo linalonivutia kuliko tuzo zote ni kwamba wapiga fidla wao wawili hubadilishana viti. Anayeongoza wimbo huu huketi wa pili katika wimbo ujao. Nani kati yetu, katika ofisi au hata katika kamati ya mazishi, hukubali kuachia kiti?

Jirani wa ndugu yangu ni ajuza mmoja aliyestaafu, ambaye kwa miaka mingi alifundisha piano katika shule ya muziki ya manispaa. Jioni moja alitukaribisha mkate mweusi na samaki, nami nikatoa karatasi ya binti yangu. Alicheka kidogo, kisha akaniambia kuwa nisitazame wanne hao peke yao, nitazame na udongo walioota.

Alinieleza kwamba Denmark ilipitisha sheria ya muziki mwaka wa 1976. Leo kila manispaa ni lazima iwe na shule ya muziki kwa watoto na vijana, na malipo ya wazazi hayaruhusiwi kuzidi theluthi moja ya gharama. Zinazobaki hulipwa na serikali na manispaa. Mtoto huenda huko baada ya masomo ya kawaida, na hakuna anayemwuliza kama atakuwa mwanamuziki. "Wengi hawawi," alisema yule ajuza. "Wanakuwa madaktari na madereva. Lakini ndio wanaonunua tiketi."

Nisije nikakupamba mambo, msomaji. Kodi wanazolipa watu hao zingemfanya Mkenya azirai, na katika mji kama Copenhagen orodha ya watoto wanaongojea nafasi ni ndefu. Ajuza mwenyewe alilalamika kwamba watoto wa wahamiaji ni wachache mno madarasani. Ndugu yangu aliyekuwa akimbembeleza mwanawe aliinua uso aliposikia hayo, ila hakusema neno.

Nilipomwuliza kuhusu alama za hisabati, ajuza hakuelewa swali. Nilirudia. Ndugu yangu akalitafsiri kwa Kidenmark. Bado hakuelewa uhusiano uliopo, nami nikaacha, nikaomba chai.

Jumatano yake nilishuka stesheni ya Forum, vituo viwili tu kutoka Kongens Nytorv. Hatua chache kutoka hapo lipo jengo lililokuwa makao ya redio ya taifa, lililobuniwa na msanifu Vilhelm Lauritzen. Redio ilipohamia makao mapya, Chuo cha Kifalme cha Muziki, kilichoanzishwa mwaka wa 1867, kikahamia humo mwaka wa 2008. Kuta za ukumbi wake mkubwa ni za mbao za rangi ya asali, na ukikohoa unajuta, kwani kikohozi chako kinasikika hadi mstari wa mwisho.

Jioni hiyo, katika ukumbi mdogo, wanafunzi walikuwa wakitumbuiza bila kiingilio. Tulikuwa watu kama arubaini, wengi wenye mvi. Wakaingia wanne, wasichana watatu na mvulana, ambao kwa macho yangu hawakuzidi miaka ishirini. Walianza vyema. Kisha katikati ya wimbo pakasikika mlio mkali kama wa kiboko: uzi wa mpiga fidla ya kwanza ulikuwa umekatika.

Nilidhani yule msichana angetoka peke yake kwenda kufunga uzi mwingine ilhali wenzake wakimngojea. La hasha. Wote wanne waliinuka wakatoka pamoja. Tukawasikia nyuma ya mlango wakicheka, mmoja akiimba kidogo na mwingine akijaribu uzi mpya. Baada ya dakika tano hivi wakarejea, wakaketi, wakatazamana, na wakaanza upya tangu mwanzo. Mara hii ya pili walipiga vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nimeinamia mkoba wangu, ambamo ufunguo wa kabati ulikuwa bado umo, kwani nilikuwa nimesahau kuutoa nilipofunga safari.

Nyumbani kwa ndugu yangu tulisikiliza albamu za wale wanne usiku baada ya usiku, mtoto akilala kifuani pangu. Ule mfululizo wao uitwao Prism, uliotoka katika sehemu tano kati ya 2018 na 2023, unaunganisha Bach, Beethoven na watunzi waliokuja baadaye. Ni muziki mzito na sitadai kwamba niliuelewa wote. Ila albamu mbili, Wood Works ya mwaka 2014 na Last Leaf ya mwaka 2017, ni za nyimbo za kienyeji za nchi za kaskazini: za harusi, za ngoma na za wavuvi. Mwaka wa 2024 wakaongeza ya tatu, Keel Road, ya nyimbo zinazozunguka Bahari ya Kaskazini. Wanazipiga kwa ala zile zile na adabu ile ile wanayompa Beethoven. Nilipowasikia nilijiuliza ni kwa nini vijana wetu wanaosomea fidla hapa Nairobi, na wapo wengi na hodari, huweza kumaliza miaka kumi pasipo kuguswa na wimbo mmoja wa orutu au wandindi. Tamasha letu la muziki la shule lilianza mwaka wa 1927. Nyimbo tunazo, na hata watoto tunao.

Nilirejea Nairobi Jumapili asubuhi. Zawadi niliyomletea binti yangu ni kipande cha ulimbo wa kupaka upinde na seti moja ya nyuzi, vitu viwili vilivyoingia katika mfuko wa koti. Alivitazama kwa muda mrefu. Nilimweleza yote: kambi ya kiangazi, kandanda, mwalimu aliyewatafuta, na wale wanne waliotoka pamoja kwa ajili ya uzi mmoja.

"Kumbe walianza kwa kucheza tu," alisema.

Nikatoa ufunguo mkobani nikafungua kabati. Tulipofunua sanduku, fidla ilikuwa salama. Upinde haukuwa salama. Singa za farasi zilikuwa zimekatika zaidi ya nusu na kuning'inia kama nywele za mgonjwa. Baadaye nilijifunza kwamba kuna wadudu wadogo wanaokula singa hizo sanduku likikaa gizani muda mrefu bila kufunguliwa. Miezi yote hiyo nilidhani nimekiweka kitu hicho mahali pa usalama.

Jumatatu tulikwenda pamoja kwa fundi mmoja mjini. Aliushika upinde, akautazama dhidi ya mwanga, akatutajia bei yake. Ilikuwa ghali kuliko nilivyofikiri, lakini sikubishana. Akatuambia turudi Alhamisi. Tulipokuwa tukiteremka ngazi, binti yangu aliniomba simu yangu, akajitenga kando ya ukuta na kumpigia yule mwenzake wa selo.